Mbuga ya Mama Lucky

Ukishuka kutoka Moshi mjini, ukaipita Mabogini na majaruba yake ya mpunga, ukaendelea kushuka mpaka lami ikusahau na miti ya miiba ianze kukuchana mikono, utafika mahali ambapo kwa miezi saba ya mwaka hapana kitu. Ni vumbi jeusi, nyufa zinazoweza kumeza kiatu, na mbuzi wenye tamaa. Usiende miezi hiyo, utasema nimekudanganya. Nenda baada ya masika, mvua ikishaunyeshea mlima mpaka ukachoka na vijito vikishamwaga chini vilichobeba, ndipo utakuta maji. Wenyeji wanapaita Mringa, neno la Kichagga ambalo maana yake ni maji, basi. Aliyepatia mahali pale jina hakujisumbua.

Maji yakijaa, ndege wanakuja kana kwamba wamepelekewa kadi. Huja yangeyange weupe, kwarara wenye midomo ya kupinda, kibisi wanaozama hapa na kuibukia kule, bata maji wasiohesabika, na domomwiko, ambaye mdomo wake ndivyo ulivyo, mwiko mtupu wa kusongea ugali. Na mara mojamoja, si kila mwaka, huja jozi ya korongo taji, wenye shungi la dhahabu kichwani na mwendo wa kujisikia.

Nilisema hawahesabiki, lakini kuna mtu aliyewahesabu. Jina lake Mektrida, ila kijijini walimwita Mama Lucky, kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam ambaye hupiga simu Krismasi. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na tisa, mzaliwa wa Kibosho. Aliteremka huku tambarare na mumewe miaka thelathini iliyopita, kwa sababu kihamba cha ukweni, lile shamba la migomba na kahawa ambalo kila Mchagga analilia, kilikuwa kimegawanywa na kugawanywa tena mpaka kikabaki vipande vya kuanikia nguo. Shirika moja la Arusha linaloandika habari za ndege wa majini lilikuwa likitafuta mtu anayejua kusoma na asiye na haraka. Wakampata yeye, wakampa darubini na fomu.

Kwa miaka kumi na moja, kila Juni, Mektrida alikaa juu ya kichuguu kimoja upande wa mashariki, mfuko wa kulia wa koti ukiwa umejaa maharage. Ndege kumi, harage moja linahamia mfuko wa kushoto. Watu wakipita walimtania, "Mama Lucky, leo umechemsha ndege wangapi?" Naye alicheka nao. Lakini kwenye kuandika hakuwa na mzaha. Ndege ambaye hakumwona hakumwandika, hata kama jana yake alikuwa pale pale. Mwaka mmoja kijana wa shirika alimshauri aikaze kidogo namba ili ipendeze. Mektrida alimrudishia kalamu, akamwambia apendezeshe yeye.

Sasa nimtaje Sirili, maana bila yeye hadithi hii ingekuwa ya ndege tu. Sirili alikuwa mdogo wake Mektrida, mtoto wa kati kwao. Kwa Wachagga mtoto wa kwanza wa kiume hupewa shamba, wa mwisho hurithi nyumba ya wazazi, na wa kati hupewa baraka. Sirili alichukua baraka zake akaenda nazo mkoa wa mbali, akakodi ardhi, akalima ufuta, akafyatua matofali na kujenga. Asubuhi moja akakuta bikoni, yale mawe ya mpaka, zimepandwa nyuma ya choo chake. Wanakijiji wakaambiwa wamo ndani ya mbuga, yaani hifadhi ya wanyama, na kwamba wangoje barua. Barua ilipofika ilifuatana na magari, na nyumba ya Sirili iliungua na mahindi yakiwa darini.

Alirudi Kibosho na shuka moja. Kwa muda wa mwaka mzima alikaa nyuma ya nyumba ya mama yao akitazama migomba. Siku moja Mektrida alipanda kwenda kuwasalimia, akamkuta zizini ameshika kamba ya ng'ombe, na ng'ombe hakuwa amefungwa nayo. Hakupiga kelele. Alikaa kando yake kwenye majani mpaka Sirili akamkabidhi kamba mwenyewe. Kisha akateremka naye Mringa, akamkatia nusu ya shamba lake. Jambo la zizini hawakulizungumza tena, na mama yao alikufa bila kujua. Huu ulikuwa mwaka wa tisa. Sirili alikuwa na mke, Gladys, na watoto wawili, na nyumba ya tofali yenye bati, na majaruba manne ya mpunga ukingoni mwa maji. Lakini dada mtu hakuwahi kulala usingizi kamili. Alikuwa na hofu moja tu duniani, kwamba iko siku kitu kitamrudisha Sirili zizini.

Na kitu hicho, Mungu amsamehe, alikiandika yeye.

Kiswahili chetu kina ubahili wake. Korongo ni ndege, na korongo ni lile bonde lililochimbwa na maji, na hakuna aliyewahi kupotea kwa sababu hiyo. Lakini mbuga ni jambo lingine. Mkulima yeyote wa tambarare atakwambia udongo wa mbuga ni upi. Ni ule mweusi mzito, unaonata kama ugali mbichi wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, unaoshika maji ukayakatalia. Baba yao Mektrida aliiita hivyo nchi yote ya chini, "kule mbugani." Huo ni upande mmoja wa neno. Upande wa pili una geti, bunduki na magari ya kijani.

Miaka yote fomu za shirika zilikuja kwa Kiingereza, na Mektrida alikuwa ameshazizoea kwa macho, anatia alama kwenye visanduku vyake anamaliza. Ni yeye mwenyewe aliyewaandikia kuomba fomu ya Kiswahili. Wakamsikia. Mwaka huu ikaja, nzuri, imepigwa chapa vizuri, na baada ya jina la mahali palikuwa na mstari mtupu: Aina ya eneo. Mektrida aliwaza kidogo, akatazama ule udongo mweusi uliogandamana na viatu vyake, akaandika: Mbuga.

Nakala moja ilikwenda Arusha. Nyingine, kama kawaida, ilipelekwa ofisi ya kijiji kugongwa mhuri. Hapo akapita Ebenezeri, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mwema lakini mwepesi wa kidole. Akaipiga picha, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la wakulima. Kufikia saa sita mchana watu mia mbili na kitu walikuwa wamesoma: Mringa. Aina ya eneo, mbuga. Ndege, elfu moja mia moja arobaini na sita. Na chini yake mhuri, na saini ya Mama Lucky.

Kikaitishwa kikao Jumapili baada ya ibada, nje ya nyumba ya Ebenezeri. Mektrida alikwenda akiwa na uhakika kwamba ni jambo la dakika mbili. Alipofika akaona benchi alilokaa likibaki na yeye peke yake.

"Mama Lucky," Ebenezeri akaanza, simu mkononi, "sisi hatuna ugomvi na wewe. Tunataka tu utueleze. Umeandika hapa ni mbuga?"

"Nimeandika. Mbuga ya udongo, mwenyekiti. Udongo wa mbuga. Wewe mwenyewe unalima nini, si mbuga?"

"Mimi nalima shamba," Ebenezeri akasema, na watu wakaguna kumkubali.

"Na hizo namba za ndege ni za nini?" mwanamke mmoja akauliza kutoka nyuma. "Miaka kumi na moja unatuhesabia ndege. Watu hawahesabu kitu bure."

Ndipo Sirili aliposimama. Alikuwa mkimya kikaoni siku zote, kwa hiyo watu wakanyamaza. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Dada," akasema, "hilo neno umeliandika au hukuliandika?"

"Sirili, ni udongo! Baba alikuwa anaiitaje ardhi ya huku chini?"

"Baba hakuwa na mhuri."

Jibu hilo lilikuwa kweli. Neno lile lile shambani lilikuwa udongo, na watu hawa hawa walilitumia kila siku wakinunua jembe au kugombana kuhusu mpaka. Kwenye karatasi yenye mhuri lilikuwa kitu kingine kabisa, na hakuna maelezo ambayo yangelirudisha shambani. Alirudi nyumbani peke yake. Kufikia jioni mtaani kulikuwa na jina jipya, hata watoto walilijua: Mringa sasa iliitwa Mbuga ya Mama Lucky. Na kwenye sala za jumuiya Jumatatu asubuhi aliketi na viti viwili vitupu, kimoja kila upande.

Akampigia simu Praygod, kijana wa shirika aliyesimamia hesabu za ukanda huu. Praygod akashangaa, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, pole sana. Alhamisi nakuja mwenyewe, nakuletea barua yenye mhuri inayoeleza kila kitu. Waambie wasubiri."

Mektrida akatoka mbio kwenda kwa Sirili. Alimkuta ameketi mlangoni, Gladys akichambua mboga pembeni bila kuinua macho.

"Alhamisi inakuja barua," Mektrida akasema, akitweta. "Yenye mhuri. Itaeleza ni udongo. Siku tatu tu, Sirili."

"Kule nako tuliambiwa tusubiri barua," Sirili akasema polepole. "Tukasubiri."

Mektrida alirudi kwake.

Jumanne alfajiri alipotoka kwenda kumtazama korongo taji aliyekuwa ametaga mwaka huu, alisikia maji. Hilo ndilo lililomtisha, kwa sababu maji ya Mringa hayana sauti. Yanakaa. Akaharakisha, akapita miiba bila kuangalia nguo zake, akafika upande wa chini ambako wazee wa zamani walikuwa wamejenga tuta ili maji yadumu. Tuta lilikuwa limekatwa, pengo la upana wa mlango wa kanisa, na maji yalikuwa yakitoka kwa fujo kuingia korongoni na kupotelea huko nyikani ambako hayamfai mtu. Sirili alikuwa amesimama kando na sepetu, tope mpaka mapajani. Kama alikuwa na wenzake walikuwa wameshaondoka.

"Mpunga wako unachanua," Mektrida akasema. Ndiyo maneno ya kwanza yaliyomjia.

"Najua."

"Ukikosa maji sasa hivi utavuna makapi."

"Najua, dada. Mpunga nitapanda mwakani. Nyumba haipandwi." Akajifuta uso, akabaki na mchirizi wa tope shavuni kama alivyokuwa utotoni. "Hawaweki mbuga mahali pasipo na wanyama. Maji yakiisha, ndege hakuna. Ndege hawapo, mbuga ya nini? Huyo bwana wako akija Alhamisi aone vumbi."

Mektrida alitaka kumpiga. Alitaka pia kumkumbatia, na kwa kuwa hakuweza kuchagua alisimama tu. Majaruba manne yaliyolimwa kwa mkono, yaliyopaliliwa na Gladys akiwa na mtoto mgongoni, yalikuwa yakinyonywa mbele ya macho yao, na mwenye nayo ndiye aliyeyatoboa. Mtu hafanyi hivyo kwa ukorofi. Hapo ndipo alipoelewa ukubwa wa hofu ya mdogo wake, na akaona aibu kwamba miaka tisa alidhani imekwisha.

Katikati ya matete kulikuwa na kiota cha korongo taji. Mwaka huu jozi ilikuwa imekuja, na kwa wiki tatu Mektrida alikuwa akimtazama jike ameatamia mayai matatu juu ya rundo la majani makavu, maji yamemzunguka pande zote. Korongo hana kufuli nyingine zaidi ya maji. Mbwa hawezi kuogelea mpaka kwenye matete, bweha naye hapendi. Lilikuwa limebaki kama juma moja vifaranga watoke. Kufikia Jumanne jioni maji yalikuwa yameteremka mpaka kifundoni, na kufikia Jumatano asubuhi hapakuwa na maji kati ya kiota na nchi kavu, tope tu. Mektrida alikaa hapo na fimbo kutwa mbili, akifukuza mbwa wa kitongoji ambao baadhi yao aliwajua kwa majina.

Na hapo Mringa ikafanya jambo ambalo Sirili hakulitegemea.

Jumatano, jua lilipopanda, ndege walianza kuja. Hawakuja kwa makumi. Walikuja kwa mamia, kutoka kila upande wa mbingu: korongo weupe, korongo weusi, yangeyange, kwarara, mwewe, na wale marabu wenye vipara na mifuko shingoni, ambao kwa kawaida Mringa haiwaoni, wamezoea majalala ya mjini. Kambare na perege wote wa Mringa walikuwa wamebaki kwenye tope, wanapigapiga mikia, wanafungua midomo, na ndege walikuwa wakiwala wakiwa hai. Palikuwa na kelele na harufu. Watu wa kitongoji walitoka nje kutazama, na hakuna aliyetania.

Kwa mazoea tu, mkono wa Mektrida uliingia mfuko wa kulia. Maharage yakaisha. Akayarudisha, akaanza tena. Alipofika elfu mbili na mia tatu akaacha. Hesabu haikuwahi kuwa kubwa hivyo. Katika miaka kumi na moja, Mringa haikuwahi kuwa na ndege wengi kama siku ilipokuwa inakufa.

Sirili alimjia akikimbia, akateleza, akainuka. "Wametoka wapi hawa wote?"

"Wamefuata samaki. Maji yakikauka ghafla ndivyo inavyokuwa. Wakimaliza wataondoka. Jumamosi hutamwona hata mmoja."

"Lakini huyo bwana anakuja kesho!"

"Kesho atawakuta."

Sirili akatazama ile nyeupe na nyeusi iliyotapakaa juu ya tope. Nimeua mpunga wangu, midomo yake ilisema bila sauti, nimeua mpunga wangu na nimewaita. Akakaa juu ya tuta lililokatwa. Mikono yake ikalala magotini, viganja juu, na macho yake yakaacha kutazama kitu chochote. Mektrida aliufahamu uso ule. Aliuona mara moja tu maishani, kwenye majani ya ng'ombe. Akaketi karibu naye, bega kwa bega, mpaka Gladys alipokuja kumchukua mumewe kwa mkono kama mtoto. Kabla hawajaondoka Mektrida alimvuta wifi yake kando. "Usimwache peke yake," akamwambia. "Hata akienda msalani." Gladys alimtazama, akaelewa, akaitikia kwa kichwa.

Alhamisi Mektrida alifika Mringa mapema, lakini mbwa walikuwa wamemtangulia. Kwenye kiota palikuwa na maganda yamelambwa ndani yakang'aa. Korongo wawili walikuwa wamesimama hatua chache kutoka hapo, juu ya tope, mmoja akitazama upande huu na mwingine upande ule. Hawakulia wala kuruka. Mektrida alilia yeye, kwa sauti, kama mtu anayelia msibani kwake, kwa sababu hapakuwa na wa kumsikia.

Praygod alifika saa nne kwa pikipiki. Alikuwa kijana mrefu, mpole, asiyejua wapi pa kuweka kofia ya pikipiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Pole na njia."

Praygod alikuwa ameshaona. Alisimama akiwatazama wale marabu wakivutana utumbo wa kambare.

"Umewahesabu?" akauliza mwishowe.

"Elfu mbili na mia tatu, jana. Sikumaliza."

"Hii si hesabu, mama. Huu ni msiba." Akasogea mpaka kwenye pengo, akainama. Alama za sepetu zilikuwa zimekaa ukutani mwa tuta wazi kabisa, moja baada ya nyingine, hata mtoto angezisoma. "Nani amekata?"

Kukata tuta la chanzo cha maji ni kesi, na wote wawili walilijua hilo. Mektrida alifikiria kalamu aliyowahi kumrudishia kijana yule mwingine. Alifikiria pia mikono iliyolala magotini.

"Limebomoka lenyewe," akasema. "Lilikuwa bovu siku nyingi."

Praygod alimwangalia. Kisha akatoa daftari, akaandika, tuta limebomoka, na Mektrida akatia saini chini yake. Miaka kumi na moja ikaisha hivyo, kwa maneno mawili.

"Mama, mimi nasikitika," Praygod akasema, akitoa bahasha kwenye begi. "Barua yako hii. Sisi tulipoona neno mbuga tulielewa ni udongo, hata hatukuuliza. Kule kwetu ni kitabu tu, mama, kitabu cha ndege. Hatuna uwezo wa kumhamisha mtu. Hata kuku hatuwezi kumhamisha. Hakukuwa na mpango wowote hapa, si jana, si kesho." Akafikiri kidogo. "Twende kwa mwenyekiti nikawasomee wenyewe. Watu wajue hukuwauza. Jina lako lisafishike."

Mektrida akaichukua bahasha. Ilikuwa na mhuri wa bluu, na ndani mistari saba ya Kiswahili kizuri. Neno mbuga lilikuwa limefafanuliwa: ardhi nyeusi ya kinamo inayotuamisha maji ya mvua. Aliisoma mara mbili. Palikuwa na kila alichokitaka Jumapili ile.

"Niachie," akasema. "Nitawasomea mimi. Wewe nenda, njia ni mbaya."

Praygod hakutaka, lakini huwezi kubishana na mama wa Kichagga aliyekwisha kukufungia zipu ya begi lako. Pikipiki ikaondoka, vumbi likatulia, na Mektrida akaitia barua kwenye mkoba, akaushika kwa mikono miwili. Kitongoji kizima kilikuwa kwa Ebenezeri kikisubiri. Hakufika huko. Sirili alikuwa amekuja kumlaki njiani, amemponyoka mkewe, hajanyoa, macho mekundu.

"Wamesemaje, dada?"

Wakasimama hapo kwenye udongo ule mweusi. Mektrida alijua ni nini kilichokuwa ndani ya mkoba. Kulikuwa na viti viwili vya jumuiya, vyenye watu. Kulikuwa na Ebenezeri akimwomba radhi mbele ya watu. Kulikuwa na jina lake, ambalo ndilo mali pekee aliyokuwa nayo. Na alijua kitu kingine kilichokuwemo humo: kwamba mpunga ulikufa bure. Mayai bure, samaki bure, maji ya mwaka mzima bure, na kwamba kama Sirili angevumilia siku tatu tu hakuna ambacho kingetokea. Barua haikuweza kusema la kwanza bila kusema la pili. Na la pili lingesomwa na mtu ambaye jana alikaa juu ya tuta viganja vikiwa juu.

"Wameona maji yameisha," akasema. "Wamefuta."

"Wamefuta?"

"Wamefuta kabisa. Ameandika mbele yangu. Hapatakuwa na mbuga hapa."

"Na wale ndege? Amewaona?"

"Amewaona. Amesema si hesabu."

Sirili alishusha pumzi ndefu, akachuchumaa, akaweka kiganja chini kama anayepima joto la ardhi. Mabega yakaanza kutikisika. Alipoinua uso, damu ilikuwa imerudi mashavuni. Mektrida alimtazama akipona.

"Nilijua," Sirili akasema. "Nilijua, dada. Ningeisubiri ile barua tungekwisha. Unaona sasa?"

"Naona."

"Mwaka huu tutakula ugali. Lakini tutaulia kwetu." Akasimama, akajikung'uta. Alikuwa mtu mzima tena, mwenye nyumba, na kwa sababu hiyo akaweza kuwa mkarimu. "Watu watakuwa na hasira na wewe kwa muda. Huwezi kuwalaumu, neno uliloandika ni kubwa. Lakini mimi nitawaambia hukukusudia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekuwekea kinyongo, sikufichi." Akamshika bega. "Nimekusamehe, dada."

"Asante," Mektrida akasema.

Sirili akampokea mkoba, kama mdogo anavyompokea dada yake mzigo, akautia begani, wakaanza kurudi nyumbani.